Ilianza Lini? Ushauri kwa Mtu Mzima Ambaye Akili Haitulii

Maswali yanayonifikia kutoka Ifakara, Mang'ula na Mlimba huwa ya aina mbili. La kwanza ni la mzazi: "Kijana wangu darasa la tano alikuwa hashuki chini ya wa tatu. Sasa yuko kidato cha tatu, ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti. Kapatwa na nini?" La pili ni la mtu mzima mwenyewe. Anaanza kazi nne hamalizi hata moja, anasahau ahadi, nyumbani anaitwa mzembe, na amesikia kwenye simu kwamba kuna ugonjwa wa namna hiyo. Wote wawili humalizia kwa kuuliza dawa.

Dawa tutaifikia. Kabla yake kuna swali ambalo unaweza kuanza kulijibu leo ukiwa umekaa barazani: hali hii ilianza lini? Ukubwa wa tatizo ungojee kwanza. Anayesema "tangu nikiwa mdogo" na anayesema "tangu mwaka juzi" wanaweza kulalamika kwa maneno yaleyale, lakini vipimo vyao, dawa zao na hata watu wa kuwaona ni tofauti. Wengi hupoteza miaka kwa kuliruka swali hili.

Kwanza, ubongo wa kijana

Mtoto wa miaka sita tayari ana ubongo unaokaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kinachoendelea kuanzia balehe hadi katikati ya miaka ya ishirini ni kupangwa upya. Viunganishi visivyotumika hupunguzwa na vinavyotumika huimarishwa, kama mwenye majaruba anavyoziba mifereji isiyopeleka maji popote na kuupanua ule anaoutegemea. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo huchelewa kukamilika. Hiyo ndiyo inayopanga siku, inayouzuia mkono kabla haujarusha jiwe, inayokumbusha kwamba kuna sufuria jikoni.

Kwa hiyo kijana wa miaka 15 anayesahau na kurukaruka hajawa mgonjwa kwa hilo peke yake. Ila kipindi hichohicho ndicho ubongo unapodhurika kwa urahisi zaidi na bangi, pombe na kukesha. Mzazi asiogope upesi, na pia asijifariji kupita kiasi.

Kuna vijana wameisikia hii habari ya miaka 25 wakaifanya kinga. Mtu amebetia hesabu ya bosi wa bodaboda, akibanwa anasema ubongo wake haujakomaa! Sehemu ya mbele ya ubongo hukomaa kwa kutumiwa, na kulipa deni ni matumizi mazuri tu.

Majibu matatu

Ukijiuliza ilianza lini, utaangukia mojawapo ya haya:

- Ilikuja ujanani au ukubwani, polepole, huwezi kutaja siku.
- Ilianza baada ya jambo: homa kali, degedege, kuanguka na bodaboda, msiba.
- Ilikuwepo tangu utotoni, kabla hujafika miaka 12, na haijawahi kuondoka.

Naanza na la kwanza kwa sababu ndilo lenye mambo mengi ya kurekebishika, na ndilo ambalo watu hawapendi kuambiwa.

Kama ilikuja polepole: anza na usingizi

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Katika umri huo saa ya mwili nayo husogea mbele: usingizi huchelewa kumjia usiku, na asubuhi mwili hautaki kuamka. Mzazi anaona uvivu. Sasa mtazame kijana wa bondeni mpunga unapojaza punje. Kwelea huingia shambani kukipambazuka, kwa hiyo anayeamia ndege anatakiwa awe juu ya dungu giza likiwa bado halijatoka vizuri, kopo la kupigia mkononi. Usiku uliotangulia alikuwa kibanda umiza akitazama mpira wa Ulaya, au alikuwa na simu ndani ya chandarua. Jumatatu mwalimu anasema mtoto huyu hasikilizi. Atasikilizaje?

Kwa mtu mzima ni vivyo hivyo, ila yeye ana visingizio vingi zaidi. Fanya hivi kwa wiki mbili kamili:

- Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili. Saa ya kuamka ndiyo huivuta saa ya kulala.
- Simu ilale nje ya chandarua. Ukiihitaji kwa kengele, iweke mbali, uinuke ndipo uizime.
- Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana.
- Muulize unayelala naye chumba kimoja kama unakoroma na kukatika pumzi. Ukiambiwa ndiyo, mwambie daktari. Mtu anaweza kulala saa tisa akaamka amechoka kwa sababu hiyo tu.

Kosa la kawaida ni kujaribu usiku mmoja, kuamka bado umechoka, na kusema nimejaribu haikusaidia. Kosa la pili ni la wazazi: kumwongezea mwanafunzi masomo ya usiku kwa sababu amefeli, kumbe amefeli kwa sababu halali.

Halafu damu na malaria

Upungufu wa damu humfanya mtu awe mzito wa kufikiri na mwepesi wa kukasirika. Huku kwetu sababu ziko tele: safura kwa wanaotembea peku kwenye matope, malaria ya mara kwa mara, hedhi nzito kwa wasichana, na ugali au wali usio na mboga ya maana. Usikisie kwa kutazama kope. Nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu.

- Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, usivimeze na chai, kwa maana chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Meza na maji, ukipata chungwa au embe ni vizuri zaidi.
- Usiviache mara tu unapojisikia nafuu. Maliza muda ulioandikiwa.
- Kila homa ipimwe. Ikiwa ni malaria, dawa mseto ni dozi 6 kwa siku 3. Wengi huacha siku ya pili na kubakiza vidonge "vya akiba", wakabaki wanaugua nusu nusu msimu mzima.

Ukiwa hapo kituoni omba na kipimo cha VVU kama hujapima karibuni, na utaje uvimbe wowote wa shingo, kwa sababu tezi ya shingo ikilegea nayo huleta usahaulifu na uzito.

Vilevi, bila mahubiri

Unajua mwenyewe kama ni komoni ya jioni, gongo, bangi au vyote. Bangi iliyoanza ukiwa na miaka 14 au 15 inagusa hasa kumbukumbu na umakini, kwa kuwa iliukuta ubongo kwenye kazi ile ya kupangwa. Ushauri wangu ni mwezi mmoja bila hata kidogo, ukiandika kila Jumapili umeonaje. Watu hushangaa wanachokiona wiki ya tatu.

Onyo: kama unakunywa sana kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uonje kidogo, usiache ghafla peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kukuangusha kifafa. Nenda hospitali, uache ukiwa chini ya uangalizi.

Na kuna moyo. Sonona humfanya mtu asome ukurasa mmoja mara nne. Madeni pia. Kama pamoja na kutotulia huna hamu ya kitu chochote, hulali, au unawaza kujidhuru, usianze na orodha zangu hizi. Nenda hospitali leo, na usiende peke yako.

Kama ilianza baada ya jambo

Bonde la Kilombero linajulikana kwa wataalamu wa malaria duniani kote. Maabara iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, imekuwa ikichunguza mbu wa hapa kwa miongo mingi, na miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa vilisambazwa Kilombero na Ulanga kabla sehemu nyingi za nchi hazijavizoea. Kwa hiyo wengi wenu mliozaliwa miaka hiyo au kabla mliugua malaria kali mkiwa wadogo. Wanaokumbuka wanasema "nilipata degedege, nikapona."

Kupona homa na kupona kabisa havilingani kila mara. Utafiti uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto waliougua malaria ya ubongo. Miaka miwili baadaye, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu unaopimika wa kufikiri, na umakini ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa. Maana yake kwako ni kwamba watatu kati ya wanne hawakuonyesha upungufu huo. Degedege la zamani ni habari ya kumpa daktari. Usiichukue kuwa ni hukumu.

Walioanguka na bodaboda wakapoteza fahamu, hata kwa dakika chache, wataje. Hili husahaulika sana kwa sababu mtu hakushonwa nyuzi, akaona hakuumia.

Usikose kukiona kifafa kisichoangusha

Ng'ambo ya mto, Mahenge, kifafa kimekuwa kingi kuliko sehemu nyingi za nchi. Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwahudumia wagonjwa huko miaka ya 1960, wengi wao wakiwa wamefichwa na jamaa zao. Wapo watoto na vijana ambao kichwa huinama mara kwa mara mfano wa mtu anayesinzia, na watafiti wanaihusisha hali hiyo na usubi. Dawa ya usubi ikigawiwa kijijini, meza. Na nyama ya nguruwe iive hadi ndani, na watu wanawe mikono baada ya choo, kwa sababu mayai ya tegu wa nguruwe yakimfikia mtu tumboni vifuko vyake vinaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Ninalotaka ulione ni aina ndogo, isiyomwangusha mtu. Kijana anasimulia jambo, ghafla ananyamaza. Macho ameyakodoa, kope zinacheza kidogo, kikombe kinainama mpaka chai inamwagika mapajani, na hashtuki. Baada ya sekunde chache anaendelea kuzungumza kana kwamba hakuna kitu, ila amepoteza sentensi mbili za mwenzake. Shuleni anaitwa mwota ndoto. Ukiona hivyo:

- Mrekodi kwa simu, sekunde kumi tu zinatosha. Video hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo yako marefu.
- Mpaka aonwe, asikae peke yake na moto wa kuni, asipande dungu, asivue kwa mtumbwi, asiendeshe bodaboda.
- Mate ya mwenye kifafa hayaambukizi. Akianguka, mgeuze ubavu, usimtie kijiko mdomoni.
- Akianzishiwa dawa, asiache kwa sababu hajaanguka miezi miwili. Hajaanguka kwa sababu anameza.

Kama ni tangu utotoni

Hapa ndipo ile hali inayotajwa kwenye simu, ADHD, inapohusika. Madaktari hawaithibitishi kwa kukutazama tu. Mwongozo wa Wamarekani unaotumiwa na wengi, uliorekebishwa mwaka 2013, unataka mambo haya: dalili kadhaa zilikuwepo kabla ya miaka 12 (zamani walitaka kabla ya miaka 7), mtu mzima awe na dalili zisizopungua 5, ama za kutokuwa makini ama za kutotulia, zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane sehemu mbili au zaidi, mathalani nyumbani na kazini, na ziwe zinaharibu maisha kweli.

Mtasema, mimi tatizo langu nina hakika limeanza ukubwani na ni hilohilo. Huko New Zealand wamefuatilia watu waliozaliwa mjini Dunedin miaka ya 1972 na 1973, na mwaka 2015 walitangaza kwamba wengi wa waliokuwa na dalili ukubwani hawakuwa nazo utotoni. Ilizua mjadala. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Marekani waliwachunguza kwa kina vijana waliodhaniwa wamepata hali hii baadaye, na karibu wote walikuwa na maelezo mengine: vilevi, ugonjwa mwingine wa akili, au dalili ambazo hazikuwa zikiwaharibia maisha. Ndiyo maana nimekurudisha kwenye usingizi, damu na gongo kabla ya kufika hapa.

Kumbukumbu yako ya utoto usiiamini sana. Muulize mama, bibi au shangazi aliyekulea, na usimwonyeshe jibu unalolitaka:

- Nikitumwa dukani nilikuwa narudi na nini?
- Kwenye kuamia ndege, nilikaa dunguni au mlinikuta mtoni?
- Walimu walikuwa wakikuita shuleni kwa ajili yangu? Kwa kosa gani?
- Nilikuwa navunja, namwaga, napoteza vitu kuliko wenzangu wa nyumba ileile?

Tafuta na ripoti za shule ya msingi kama hazijaliwa na mchwa. Maneno ya mwalimu, "ana uwezo lakini hatulii", yakijirudia miaka mitatu mfululizo ni ushahidi wa maana.

Wasichana hupitwa hapa. Yule asiyerukaruka, anayekaa kimya dirishani huku akili iko kwingine, hakuna aliyemwita mtukutu, basi hakuna aliyemwona. Anafika miaka 30 akiamini kwamba ni mjinga.

Kuhusu dawa

Zipo, na huwasaidia wengi waliothibitishwa. Methilfenideti ni mojawapo ya zile za siku nyingi. Ni dawa za kudhibitiwa, hupandisha presha na mapigo ya moyo, na huandikwa na daktari wa magonjwa ya akili baada ya uchunguzi. Usitarajie kuzikuta zahanati, na usinunue kidonge cha "kuongeza akili" kwa mtu wa mtandaoni au kwenye begi la mchuuzi stendi. Kidonge cha mwenzio pia usimeze, hata kama dalili zenu zinafanana kama mapacha.

Pa kwenda na cha kubeba

Anzia zahanati au kituo cha afya kwa vipimo vya kawaida, kisha omba rufaa ya Hospitali ya St. Francis, Ifakara. Wakiona inafaa watakuelekeza mbele, Muhimbili au Mirembe ya Dodoma. Foleni zipo, kwa hiyo nenda umejiandaa:

- Karatasi moja yenye jibu la "ilianza lini", na mifano mitatu ya juzi juzi tu. "Nasahau sana" haimsaidii daktari. "Wiki iliyopita nimetuma pesa namba isiyo sahihi mara mbili" inamsaidia.
- Majibu ya vipimo vya damu na malaria, na dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo.
- Ndugu mmoja aliyekujua utotoni, au namba yake ya simu.

Wakati unasubiri, panga kazi

Chukua karani wa mashine ya kukoboa pale Kibaoni msimu wa mavuno. Mpunga wa mama mmoja uko juu ya mizani, wa pili unamwagwa, bajaji inapiga honi, simu inalia, na mzee anauliza pumba zake ziko wapi. Karani anamjibu mzee kwa adabu, anageuka, anaandika kilo 86 kwenye jina la mtu mwingine. Jioni kuna ugomvi. Karani mwenye akili iliyotulia kabisa naye angekosea, sembuse huyu.

Yanayosaidia:

- Andika kwanza, jibu baadaye. Mzee akisubiri pumzi tatu hatakasirika ukimwambia, "Shikamoo mzee, namalizia namba hii."
- Daftari moja tu, kalamu imefungwa kwa uzi. Vikaratasi vya mifukoni ndivyo huwaua watu wa aina yenu.
- Kabla ya kutuma pesa, soma namba na jina kwa sauti.
- Kengele ya simu iwe na jina la kazi. Kengele tupu huizima mtu akasahau ililia kwa nini.
- Kazi inayotaka hesabu iwe asubuhi. Ya kutumia mwili iwe mchana.
- Kazi kubwa ikate mpaka kipande chake kimalizike kabla ya chai.

Usizianze zote Jumatatu moja. Anza na mbili. Najua utazianza zote.

"Wazee wetu hawakuwa na haya"

Walikuwa nayo. Kila ukoo una mjomba aliyelima mashamba matatu asivune hata moja, ila aliitwa kwa majina mengine. Tofauti ni kwamba hakutakiwa kukaa ofisini saa nane mbele ya kompyuta.

"Si mambo ya kurogwa?"

Sibishani na imani ya mtu. Ombewa, kaa na kiongozi wako wa dini, usali. Ila damu na malaria vipimwe wiki hiyohiyo, na mgonjwa wa kifafa asiachishwe dawa kwa sababu ameombewa au amechanjwa chale.

"Nimwambie bosi?"

Omba mpangilio unaoutaka, jina la ugonjwa libaki kwako na kwa daktari wako. "Bosi, naomba mizani na daftari viwe upande mmoja, na wateja waingie mmoja mmoja" ni ombi ambalo bosi anaweza kulikubali bila kujua lolote kuhusu ubongo wako, na pengine likamwokolea magunia. Mwenye kifafa anayefanya kazi karibu na mkanda wa mashine, kwenye mtumbwi au juu ya pikipiki ni tofauti. Huyo aseme, amwambie na mwenzake wa zamu, na amfundishe namna ya kumgeuza ubavu.